Nzuri Sana, Ila...

Hakuna fedheha inayochoma kama ya dizaina anayeambiwa kazi yake ni nzuri sana, ila. Hiyo "ila" hufika jioni, bango limeshachapwa, mita tatu za plastiki bado zinanuka wino, na shughuli ni kesho asubuhi. Kijani kimefifia. Nyuki wa kwenye lebo ya asali anaonekana mkali, apunguzwe hasira. Jina la shangazi halipo, ingawa hata kwenye karatasi iliyoletwa halikuwapo. Madizaina wa Tabora hujiliwaza kwa kusema kwamba mteja hana jicho. Nawabishia. Jicho analo, tena kali. Ila halianzi kazi mpaka liwekewe kitu mbele yake. Njia ya misafara iliyopita Tabora ililithibitisha hilo zamani, kabla kompyuta haijazaliwa.

Mwaka 1871 msafiri Henry Morton Stanley alinunua Unguja magunia 22 ya ushanga wa kulipia chakula na njia huko bara, na kuuchagua kulimtoa jasho kuliko bunduki. Ushanga mweusi ulikuwa fedha halali Ugogo, lakini ukivuka hapo ni mzigo tu wa kumchosha mpagazi. Unyamwezi walitaka mwekundu, ule wa samesame, na mwingine wakaukataa. Ule mkubwa kama mayai ya njiwa ulithaminiwa Ujiji. Msafiri mwingine, Burton, aliyefika Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1857, alitaja aina za ushanga zipatazo 400. Mafundi wa vioo wa Venice waliotengeneza ushanga huo hawakuwahi kuiona Unyanyembe, nchi iliyoizunguka Kazeh, lakini aliyewaamulia rangi ya kupika ni mama wa Kinyamwezi aliyeitazama kete, akaguna, akapita zake. Msafiri Joseph Thomson naye, mwaka 1883, ilimbidi asimame Taveta watu wautunge upya ushanga wake kwa urefu wanaoukubali Wamaasai. Mfanyabiashara mzoefu hakumwita mteja mshamba. Alibeba aina nyingi, na hasara ya zitakazokataliwa akaitia kwenye bei.

Nitaambiwa: mteja wa leo aliiona kazi kwenye simu akaikubali, iweje aikane ikishachapwa? Kwa sababu alichokiona si kilichochapwa. Kioo cha simu hutengeneza rangi kwa mwanga, mwekundu, kijani na buluu, na mianga hiyo ikijumlishwa huzaa weupe. Wino hufanya kinyume: samawati, waridi iliyokolea, njano na nyeusi humeza mwanga, na kila ukiongeza rangi giza linazidi. Kuna kijani ambacho simu inakiwasha na wino hizo nne haziwezi kukifikia. Picha nazo zina uchawi wake. Nembo iliyopitia WhatsApp ikabaki na nukta 1,600 za upana, ukiitandaza kwenye mita tatu inapata nukta tano tu na ushei kwa kila sentimita, kwa hiyo inageuka mkeka. Ingechorwa kwa mistari ya hesabu badala ya nukta, ingekuzwa hadi ukubwa wa ukuta wa stesheni bila kupoteza ukingo. Haya ni maajabu matupu, na mteja hana wajibu wa kuyajua. Ni kazi ya dizaina kuyaeleza mapema na kuchapa kipande cha majaribio.

Kwa hiyo "ila" si ujinga. Ni sehemu ya kazi, na kazi hulipwa. Hapo ndipo ucheshi unaponiishia. Mji ni mdogo, madizaina wanasema, ukidai kianzio mteja atahamia kwa kijana wa stendi. Mbona mteja huyohuyo humpa seremala hela ya mbao kabla randa haijagusa kitu? Mbao anaziona, saa za usiku mbele ya kompyuta hazionekani, basi huhesabiwa bure. Mbaya zaidi ni yule anayeomba sampuli, anasifu, ananyamaza, kisha bango lilelile linaonekana limetundikwa barabarani, limechapwa kwingine. Huo ni wizi, hata kama umeanza kwa shikamoo. Ni kweli wapo madizaina wanaopokea kianzio na kuzima simu, nao wastahili kudaiwa hadharani. Lakini masharti yaandikwe kwa wote: rekebisho la kwanza bure, la pili bure kwa ujirani, la tatu lina bei. Na nembo iletwe kwenye faili lake, si kukatwa kutoka kwenye picha ya kadi ya mchango ya mwaka juzi, kidole cha mpigapicha kikiwa kimeziba herufi mbili.