Shemeji, Feri na Pomboo wa Kisite

Matatu zinazopita Mwembe Tayari, Mombasa, zikilia "Feri, Feri!" hazikuvushi popote. Zitakutua juu ya mteremko, baina ya muuza mihogo na kijana mwenye chaja za simu shingoni, kisha zigeuze. Kutoka hapo hadi Likoni ni maji ya nusu kilomita tu, na jicho zima lamwona mtu wa ng'ambo akifungua mwavuli. Umbali huu mdogo ndio uliomponza shemeji wa mwandishi wa makala haya, mhasibu wa Nakuru aliyeoa Kibokoni. Alifungua ramani ya simu, akaona kwamba Likoni hadi Shimoni ni kilomita 75 hivi za lami, akapiga hesabu. Mbele ya sahani ya mahamri na mbaazi akamtangazia mamamkwe kwamba saa tatu asubuhi watakuwa baharini wakitazama pomboo, na alasiri watakuwa wamerudi kula biriani. Mamamkwe hakubisha. Aliongeza mahamri mengine kwenye kikapu.

Kisite-Mpunguti iko kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania. Ni hifadhi mbili zilizoshikana: Kisite, ambako kuvua ni marufuku kabisa, na Mpunguti, ambako wavuvi wa hapo wanaruhusiwa na zana zao za asili. Zote zinasimamiwa na Shirika la Wanyamapori, KWS, lenye ofisi Shimoni. Hakuna gari linalofika. Asiye na gari huvuka maji mara mbili: mara ya kwanza Feri, na mara ya pili Shimoni. Ramani ya shemeji ilihesabu lami iliyo katikati na kuziruka hizo mbili.

Feri basi. Inatajwa kwamba watu zaidi ya 300,000 huvuka hapo kwa siku, na wa miguu hawalipi hata senti. Shemeji alipoona lango la chuma limelala ufukweni na chombo kipo, alishika mbio kushuka mteremko. Wenyeji waliokuwa kibandani walimtazama tu. Chombo kilikuwa hakijapakia. Kilikuwa kinashusha, na watu wa Likoni wanaowahi kazi mjini walikuwa wakipanda mteremko huohuo kwa upana wake wote. Alirudishwa kinyumenyume hadi kwa muuza mihogo, kofia ikiwa imepata mwenyewe mwingine. Nyuma yao ukaja mkokoteni wa vitunguu uliosukumwa na mahamali watatu, mmoja akipiga kelele, "Kaa kando, bosi, hii haina honi!" Gurudumu lilipita juu ya kidole cha kiatu chake kipya. Kidole chenyewe kilisalimika, maana kiatu kilikuwa kikubwa.

Hatimaye walipakia. Lango likainuliwa, injini zikanguruma, chombo kikajitoa kidogo gatini, kikasimama. Kutoka upande wa bahari kuu ilikuwa inaingia meli ya makontena, ndefu kupita gati lenyewe, na ikipita meli kwenye mlango wa Kilindini feri husubiri.

"Kwani yenyewe haiwezi kungoja?" shemeji aliuliza.

"Mwanangu," alijibu mzee mmoja mwenye baiskeli, "hiyo haina breki."

Mzee alisema kweli, ila sababu ya pili ni ya kibiashara. Bandari hii inalisha Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo, kwa hiyo mwalimu wa Likoni akichelewa kipindi cha kwanza, huenda kilichomchelewesha ni ngano ya Kampala. Hata daraja la miguu lililoelea kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu, lililofunguliwa Januari 2021 siku za Uviko, lilijengwa na kipande cha katikati kinachofunguka ili meli zipite. Mwenye gari lake siku hizi anaweza kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, apite daraja la Mteza na kuibukia karibu na Ukunda bila kuonja maji. Shemeji gari alikuwa ameliacha Nakuru ili kukwepa gharama ya mafuta.

Likoni ndiko alikopata faraja, kwa muda mfupi. Matatu ya kwanza aliyooneshwa ilikuwa imejaa, bado viti vitatu tu nyuma. "Yang'oa sasa hivi!" aliapa makanga. Waliketi. Shemeji akatoa nauli haraka ili wasicheleweshwe, na noti ilipoingia mfukoni mwa makanga, abiria sita waliokuwa wamekaa kwa heshima zao, mmoja akisoma gazeti, waliinuka na kushuka. Walikuwa vijana wa steji, kazi yao kujaza viti ili mgeni avutike. Mwenye gazeti alihamia matatu ya nyuma na kufungua ukurasa uleule. Anayeingia matatu ya Likoni na atazame miguu ya abiria kwanza: wasafiri wa kweli wana mizigo.

Barabara yenyewe haina neno. Ukunda, Msambweni, kisha Ramisi, ambako kiwanda cha sukari kilifungwa 1988 na jina likabaki kwa makanga. Kwenye njia panda ya Kanana unaiacha barabara kuu ya Lunga Lunga na kukata kushoto kuelekea Shimoni. Ilikuwa saa tano na nusu walipoyaona maji tena.

Shimoni palikuwa kituo cha kampuni ya Waingereza ya IBEA mwishoni mwa karne ya 19, na mapango ya hapo, yanayoelezwa kuwa yalitumika kufungia watumwa, ndiyo yaliyoupa mji jina. Shemeji hakuyaingia. Alikuwa na kesi langoni mwa hifadhi. Akiwa Feri alinunua katoni ya maji ya chupa kwa bei ya jumla, akaibeba begani njia nzima huku akimwambia mkewe kwamba visiwani kila kitu ni ghali. Tangu 5 Juni 2020, plastiki ya kutumia mara moja hairuhusiwi katika hifadhi za Kenya. Katoni ikabaki. Halafu akatoa noti ya elfu kulipa kiingilio, akaelezwa kwamba malipo ni kwa eCitizen, kwenye simu, na simu yake ilikuwa imezimika kwa kurekodi ile meli ya Kilindini tangu omo hadi tezi. Mkewe alilipa kwa simu yake bila kusema neno, na shemeji alikiri baadaye kwamba ule ukimya ulimchoma kuliko jua.

Ilikuwa Agosti, na kusi bado lilikuwa na nguvu. Ndani ya mkondo wa Wasini bahari hutulia kwa sababu kisiwa kinaikinga, lakini boti ikishatoka nyuma ya kisiwa, mawimbi huja kwa ubavu. Mahamri na mbaazi havikupata nafasi ya kusagika. Shemeji alining'inia upande wa kushoto. Upande wa kulia pomboo walitokea, wakubwa kwa wadogo, wakaogelea sambamba na boti, karibu kiasi kwamba pumzi zao zilisikika. Watu wote walihamia kulia. Nahodha alisema si kawaida kuwaona kwa muda mrefu namna ile. Shemeji aliambiwa habari hizo kwa mdomo. Fungu la mchanga alilolitamani, lile la kwenye picha, halikuwapo pia; huonekana maji yakipwa, na saa hizo maji yalikuwa yamejaa.

Wakati wa kurudi waliteremkia Wasini kula. Kisiwa kina urefu wa kilomita 5 hivi na upana wa kilomita 1, kijiji cha Wasini upande mmoja na Mkwiro upande mwingine, na baina yao ni njia ya miguu juu ya mawe makali ya matumbawe. Shemeji alipouliza tuktuk zinaegeshwa wapi, watoto waliandamana naye hadi mwisho wa kijiji ili wasikose swali lake linalofuata.

Penye uwanja wa nyumba moja aliona ndoo imejaa maji, kata ikielea juu. Akachota, akamimina mguu wa kwanza, chumvi na tope vikateremka. Mama mwenye nyumba alitoka mbio, leso ikimdondoka.

"Baba, hayo ni ya mvua!"

Kisiwa hakina mto, na visima vyake ni vya maji ya chumvi, kwa hiyo watu wamezoea kuvuna mvua na kuihifadhi katika mabirika hadi masika mengine. Mama alimwonesha bahari kwa kidevu, akamwambia pale akaoshe mpaka achoke. Baadaye alimletea kaa na mwani wa kukaanga. Mguu mmoja wa shemeji ulikuwa safi.

Walifika tena Kanana kwa bodaboda jioni. Mkewe na mwandishi walivuka barabara kununua machungwa. Matatu ikasimama, nyeupe, viti vya dirishani vitupu, na safari hii shemeji alikagua miguu kwanza: kila abiria alikuwa na mzigo. Akaruka ndani, akalipia watu watatu, akatoa kichwa nje na kupaza sauti, "Nimeshika viti!" Gari likaondoka.

Simu yake, aliyoichaji kidogo Wasini, iliita baada ya muda. Kampuni ya simu ilikuwa inamkaribisha Tanzania na kumjulisha bei za kupiga nyumbani. Mkewe alipompigia, makanga ndiye aliyepokea, kwa hasira ya mtu aliyesingiziwa.

"Mama, mimi nimeita Lunga Lunga tangu Kanana. Yeye akaniambia nipunguze kelele, yuajua aendako."