Shule Haijafungwa, Ila Hamna Mtu

Tangu nianze kufundisha huku Nachingwea sijawahi kupokea barua inayosema kesho shule imefungwa kwa sababu ya hali ya hewa. Shule yetu haifungwi. Mvua inyeshe, korongo lijae, kengele itagongwa tu, na mwalimu wa zamu atasimama barazani na daftari la mahudhurio mkononi, tayari kuwahesabu wanafunzi ambao hawajafika. Wazi ni wazi. Kinachofungwa ni kila kitu kingine.

Wenzetu wa Dar es Salaam wana vuli na masika, katikati wanapata nafasi ya kuanika godoro. Sisi watu wa kusini tuna msimu mmoja. Unaanza Novemba au Desemba, unaondoka Aprili ukijisikia, na katika miezi hiyo hali ya hewa inafunga shule kwa rejareja: mtoto huyu leo, mwalimu yule kesho, darasa zima keshokutwa. Hakuna wa kutia saini, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa.

Wa kwanza kufungiwa ni watoto wa ng'ambo ya korongo. Kiangazi lile korongo ni mchanga mtupu, uwanja wao wa mpira, na kila mmoja wao humo ni mshambuliaji wa Namungo. Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi uwanja umekuwa mto mwekundu unaokwenda na magogo. Watoto wanakuja hadi ukingoni, sare zimenyooka, mafagio mkononi, wanasimama. Sisi tuko upande huu. Tunaonana kabisa.

"Shikamoo mwalimu!" wanapiga kelele kwa pamoja.

"Marahaba! Rudini nyumbani!"

Wanarudi mbio kwa utii ambao sijawahi kuuona darasani. Ofisini ubishi ukazuka. Mtoto aliyetoa shikamoo akaitikiwa, yupo au hayupo? Mwalimu wa zamu alishikilia kwamba yupo, maana asiyekuwepo hasalimii. Mwingine akasema kama ni hivyo basi na wanaotusalimia kwa simu waandikwe. Mwalimu mkuu alisikiliza pande zote mbili kwa busara, akatoa hukumu: waandikwe wapo, ila kwa penseli.

Kundi la pili ni la wenye sare moja. Hili watu wa mjini hawalijui. Mwenye sare moja hafungiwi shule na mvua ya leo, anafungiwa na mvua ya jana, ile iliyozuia shati lisikauke. Mama yake atalitundika juu ya moshi wa jikoni usiku kucha, na asubuhi, kama bahati ipo, mtoto atafika akinuka kama samaki wa kukaushwa, akiwa na majivu kwenye kola. Bahati isipokuwepo, utaambiwa na jirani yake: "Mwalimu, fulani kasema anakuja shati likishakauka." Likishakauka lini, hiyo ni kazi ya jua.

Walimu nao si malaika wa kuruka. Udongo mweusi wa mabondeni ukilowa unakamata tairi la bodaboda hadi madigadi zinajaa na gurudumu linagoma kuzunguka. Hapo dereva hugeuka na kukuambia kwa upole, "Mwalimu, shuka kidogo." Hiyo "kidogo" nimeitembea kwa miguu mpaka nikasahau kuwa nauli nilishalipa. Safari moja nilikuwa nimebeba katoni ya chaki za shule nzima. Tuliteleza bila haraka, kwa adabu, sote watatu: dereva, mimi na katoni. Sisi wawili tuliinuka. Chaki zilikuwa zimeshakuwa uji mweupe unaotiririka kuelekea bondeni, na kwa kitambo kidogo lile dimbwi lilikuwa kitu safi kuliko vyote barabarani, mimi mwenyewe nikiwemo. Nilipofika shuleni watoto wa darasa la kwanza walisimama, wakaniamkia kwa heshima zote, kisha mmoja akamnong'oneza mwenzake: "Ni nani huyu?"

Tuseme basi siku imekubali. Korongo limepungua, mashati yamekauka, mwalimu kafika, darasa limejaa. Hapo ndipo mvua inapokuja yenyewe kufundisha. Madarasa yetu yameezekwa kwa bati na hayana dari. Mvua ya Januari ikilipiga bati hilo, hata ukimfokea mtu sikioni atakuomba urudie. Mara moja niliamua kutoshindwa. Nikaandika ubaoni: Makao makuu ya nchi yetu ni wapi? Nikamnyooshea kidole kijana wa nyuma. Akasimama, midomo ikacheza, nami nikampigia makofi na darasa zima likafuata. Kwa jinsi ile midomo ilivyokwenda ingeweza kuwa Dodoma, ingeweza kuwa naomba kutoka nje. Akatoka nje. Ndipo nikajua.

Aliyetuletea habari kwamba duniani kuna miji ambako shule hufungwa kwa amri ni mdogo wangu wa kike anayeishi Chicago. Alipiga simu Alhamisi asubuhi, tarehe 31 Januari 2019. Huku tulikuwa tunajiandaa kwenda shule, kwake ilikuwa bado Jumatano usiku. Mama aliishika simu kwa mikono miwili, sauti ikiwa wazi ili nyumba nzima ifaidi.

"Mama, watoto hawakwenda shule leo. Na kesho pia zimefungwa. Baridi."

"Baridi ya ngapi?"

Mtandao ukakatakata, neno "hasi" likapotelea baharini, kikafika kilichobaki: "...thelathini na moja!"

Mama akatutazama. "Thelathini na moja? Mbona na hapa jana mchana ilikuwa hiyohiyo, na watoto walikwenda?"

Ilichukua muda kumweleza kuwa yao inahesabiwa kwenda chini. Asubuhi ile ya tarehe 30 kipimo cha Chicago kilishuka hadi nyuzi 31 chini ya sifuri, na ukijumlisha upepo mwili ulihisi kama 47 chini. Katika baridi ya namna hiyo ngozi iliyo wazi huweza kuganda ndani ya dakika chache, na mtoto anayesubiri basi kituoni hana dakika hizo. Ndiyo maana ofisi moja ikaamua kwa niaba ya mji mzima, na wanafunzi zaidi ya 350,000 wa shule za umma wakabaki nyumbani. Hebu fikiria: kwa sensa ya 2012 wilaya za Nachingwea na Ruangwa pamoja, kuanzia mtoto wa mgongoni hadi bibi wa mkongojo, hazikufikisha idadi hiyo. Yaani wakitufunga sisi sote, na mbuzi wetu tukiwaacha nje ya hesabu, Chicago bado ingebakiwa na watoto wa kufungia shule.

Mdogo wangu akaendelea kutiririsha maajabu. Posta imesitisha kupeleka barua majumbani. Wafanyakazi wa reli wamewasha moto kando ya reli ili vyuma vya kubadilishia njia visigande.

"Reli wanaipasha moto?" Mama akauliza. Aliwahi kuiona reli ya Nachingwea, ile waliyoijenga Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wao wa karanga, ikafungwa mwaka 1962 karanga zikiwa zimeshawashinda zamani. "Heri hao. Ya kwetu waliing'oa ikiwa nzima na joto lake."

Nilikata simu nikiwa na wivu, sifichi. Si wivu wa baridi. Ni wivu wa tangazo. Kuambiwa usiku kwamba kesho hakuna shule, ukalala ukijua, ukaamka ukijua, na daftari la mahudhurio likapumzika bila kubishaniwa!

Nilikuwa bado nao wivu huo ulipofika Aprili na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza kimbunga Kenneth. Wiki sita nyuma yake kimbunga Idai kilikuwa kimeivunjavunja Beira ya Msumbiji, kwa hiyo hakuna aliyecheka. Alhamisi ya tarehe 25 Aprili 2019 jirani zetu wa Mtwara walifungiwa shule na ofisi. Kwetu amri ilifika kwa njia yake ya kawaida, yaani kila mtu alikuwa amesikia kutoka kwa mtu aliyesikia. Walimu tulikuwa wa kwanza kugundua jambo moja zuri katika kalenda: Ijumaa yake ilikuwa tarehe 26, sikukuu ya Muungano, halafu Jumamosi, halafu Jumapili. Kimbunga kilikuwa kimepangwa vizuri kuliko ratiba yoyote ya wizara.

Maandalizi yalifanyika. Fundi cherehani jirani yetu alipanda juu ya nyumba akapanga mawe juu ya bati, hakuridhika, akalifunga bati kwa kamba na kamba akaifunga kwenye mwembe, hivyo kwamba kikija kimbunga vitaondoka vyote viwili pamoja. Mama aliamuru kuku wote waingie ndani. Jogoo alipangiwa chumba changu, uvunguni, na hakuna aliyemweleza jogoo kuwa kuna hali ya tahadhari. Aliwika saa tisa, akawika saa kumi, na saa kumi na moja akatoka mwenyewe kuja kuhakikisha kwamba nimesikia.

Kulipokucha, jua. Si jua la kusuasua, jua la kuanikia ufuta. Jani halitikisiki. Wazazi wengi walikuwa wamewazuia watoto. Wachache waliofika walikuta walimu wachache waliofika, tukatazamana, tukatazama mbingu. Siku nzima fundi alikaa chini ya mwembe wake uliofungwa kamba, akiangalia upande wa bahari kama anayedai. Nguo zote zilizokuwa zimeshindikana kukauka tangu Machi zilikauka siku ile, sare za shule zikiwemo, na kulikuwa hakuna wa kuzivaa.

Mzaha ule tuliufanya kwa siku moja tu. Kenneth alikuwa amegeukia ng'ambo ya mto Ruvuma, akaipiga Cabo Delgado kwa upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na ng'ambo ile wengi wetu tuna ndugu. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, ambaye alikuwa mtoto Lindi mjini kimbunga cha Aprili 1952 kilipopiga, hakucheka hata hiyo siku moja. Mawe yake juu ya bati aliyaacha hadi kipupwe.

Wivu wangu ulipona kabisa Februari 2024. Jiji la New York lilikuwa limeshawaondolea watoto raha ya kufungiwa shule kwa theluji: ikidondoka, wasome nyumbani kwa mtandao. Tarehe 13 theluji ikadondoka, mamia ya maelfu wakajaribu kuingia kwenye mtandao kwa wakati mmoja, na mtandao ukagoma kuwafungulia. Watoto walikuwa tayari, walimu walikuwa tayari, wote wanaona kioo, hakuna anayevuka. Nikawaza, hawa nao wako ng'ambo ya korongo. Ningependa sana kumpelekea mkuu wao shauri la penseli.

Kisha mdogo wangu akaja likizo na mwanawe. Ilikuwa Julai, kwao kiangazi, kwetu kipupwe. Kipupwe cha Nachingwea ni upepo mwembamba wa alfajiri na umande mzito, lakini sisi tunakichukulia kwa uzito unaostahili: masweta, kofia za kufuma, kanga mbili juu ya kitenge, na wanafunzi wanaofika wamechelewa wakisema "baridi, mwalimu" kwa sauti ya watu walionusurika. Mpwa wangu alitoka nje kwa kaptula na fulana ya mikono mifupi, akaivuta hewa, akasema, "Mjomba, huku pazuri." Bibi yake alimfuata na blanketi. Akalikataa. Akasema kwao baridi ya hivi watu wanakula aiskrimu.

Akaomba twende naye shuleni akaone. Pale getini tukamkuta mwalimu wa zamu akiwa ndani ya koti lenye manyoya, ambalo bila shaka lilishonewa watu wa Chicago likapotea njia. Akamtazama kijana: hana sweta, hana fagio, hana dumu la maji, na muda umeshapita.

"Wewe! Mstari wa waliochelewa."

Nilitaka kueleza, lakini kijana alikuwa ameshajipanga, anafurahi. Alifagia uwanja wenye umande akiwa na kandambili, akamwagilia maua ya mwalimu mkuu na suruali ya mwenzake, akacheza mpira korongoni, akala ming'oko ya kuchemsha akaomba nyongeza. Alirudi jioni akisema hajawahi kuona shule nzuri namna hii.

Usiku akaanza kupiga chafya. Alfajiri macho yalikuwa mekundu, sauti imekwenda, pua inatiririka. Mama alimtazama kwa huruma iliyochanganyika na ushindi, akamfunika lile blanketi alilolikataa, akaongeza na kanga, kisha akatoka ukumbini kutangaza:

"Mume wangu leo haendi. Shule imefungwa."

"Mama," nikasema, "imefungwa kwa nini? Baridi gani hii? Huyu katoka kwenye thelathini na moja chini ya sifuri."

"Hiyo ya kwao ilimweka ndani siku mbili, akatoka mzima," akasema. "Ya kwetu kakaa nayo asubuhi moja tu, mtazame kamasi. Sasa wewe mwalimu niambie, ipi kali?"

Kutoka chini ya blanketi mpwa wangu alijibu kwa niaba yangu kwamba bibi ana haki, na akauliza kama kesho pia imefungwa.