Sifa za Kantangaze

Mgeni mwenye adabu hubisha hodi. Kantangaze habishi, kwa kuwa mlango huukuta wazi. Nondo huyu wa kijivu, asiyefika hata sentimita moja, kwao ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alikuwa ameshafika Hispania, akavuka hadi Afrika Kaskazini, na 2014 akawa yumo katika nyanya za Kenya na Tanzania. Bila pasipoti! Tuna mabalozi ambao hawajatembea hivyo.

Nasi, watu wa ukarimu, tukamjengea ikulu. Tukasimamisha mabomba, tukatandika nailoni juu na neti pembeni, tukaiita kitalu nyumba. Mvua iliyokuwa ikimsumbua tukaizuia, wadudu ambao wangemla tukawafungia nje, kisha tukampandia nyanya tupu msimu baada ya msimu. Mkopo wa ujenzi tunalipa sisi. Yeye anachangia mayai, na jike mmoja aweza kutaga hadi 260.

Kwa ukaguzi hana mpinzani. Bwana shamba huja mchana, akasaini kitabu cha wageni, akanywa soda yake, akaondoka. Kantangaze hukagua usiku na hapokei hata soda. Ukimwona ndani, jua neti ina tundu, au hukujenga mlango wa pili, au miche uliinunua bila kugeuza majani, au matenga uliyoazima sokoni uliyaingiza bila kuyaosha. Masalia ya msimu uliopita, yale uliyoyarundika nyuma ya kitalu ukisema utayafukia kesho, hayo ndiyo nyumba yake ya wageni. Ripoti huiandika kwenye jani lenyewe: kiwavi hula nyama ya jani katikati ya ngozi zake mbili, akiacha mabaka meupe ambayo hata asiyejua kusoma huyaelewa. Mhuri huugonga kwenye tunda, tundu dogo karibu na kikonyo.

Muuza pembejeo, kama ana shukrani, angemtundikia picha ukutani. Mkulima hurudi kununua dawa ileile, akaipiga kila wiki, ikapita juu ya jani huku kiwavi akiwa ndani kama mtu aliyejifunika blanketi. Wachache inaowafikia wakapona huzaa watoto wasioijali. Ndipo mkulima huongeza kipimo, na dukani wanamwita bosi.

Kinachonivutia zaidi ni mapenzi ya nondo hawa. Tunatega harufu ya jike iliyotengenezwa kiwandani, juu ya beseni la maji ya sabuni; madume wanakuja mbio na kuzama. Asubuhi mkulima anawahesabu, anapiga picha, anawatumia majirani. Majike hawamo kwenye beseni. Watafiti wa Ubelgiji waliandika mwaka 2012 kwamba, maabarani, majike ambao hawajawahi kukutana na dume walitaga mayai, na mayai hayo yakaanguliwa. Wajane hawa hawakai eda.