Yah: Mageuzi ya Kidijitali Yanayosainiwa kwa Kalamu

Barua ya wazi kwa taasisi zote zinazoendesha semina za mageuzi ya kidijitali na ubunifu wa biashara kwa mameneja na wajasiriamali

Semina ya mageuzi ya kidijitali ni mkutano wa siku tatu ambao mahudhurio yake husainiwa kwa kalamu. Karatasi ya mahudhurio ina safu tano: namba, jina kamili, cheo, namba ya simu na sahihi. Hupitishwa asubuhi kuthibitisha waliofika, na hupitishwa tena jioni kwa ajili ya posho. Sahihi za jioni huwa nyingi kuliko za asubuhi. Hiyo ndiyo takwimu pekee ya semina ambayo haijawahi kuonyeshwa kwenye projekta.

Projekta yenyewe ina desturi zake. Haiikubali kompyuta ya mkufunzi mpaka aitwe kijana wa IT, ambaye huchomoa waya, huuchomeka tena palepale, na picha ikatokea. Kijana huyo hurudi zake kwa kuwa hakualikwa. Yeye si meneja. Slaidi zinazofuata huwa zilezile za mwaka uliopita, tarehe ikiwa imebadilishwa kwenye ukurasa wa kwanza na kusahauliwa kwenye wa mwisho. Kufikia saa ya chai washiriki wameshajua kutamka wingu, data kubwa na akili mnemba. Kufikia saa ya chakula wameshaanza kuyatumia maneno hayo wao kwa wao.

Somo lenyewe, kwa heshima zote kwa taasisi husika, ni zuri na linahitajika. Lina hatua tatu. Ya kwanza ni kuhamisha: kilichokuwa kwenye karatasi kinaingizwa kwenye kompyuta. Ya pili ni kurahisisha: kazi ileile inapita mikono michache, kwa sababu mashine imebeba sehemu yake. Ya tatu, ambayo ndiyo mageuzi hasa, ni kuihoji kazi yenyewe: je, jambo hili bado lina sababu ya kufanywa, na kama linayo, lazima lifanywe kwa mpangilio huu? Hatua ya kwanza hununuliwa dukani. Ya pili hufundishika. Ya tatu humtaka mwenye mamlaka akiri kwamba sahihi yake, kwa miaka yote hiyo, haikuwa na kazi. Ndiyo maana semina nyingi huishia kwenye ya kwanza.

Matokeo ya kuishia hapo yanaonekana katika ombi la likizo. Zamani mfanyakazi alijaza fomu, msimamizi akasaini, faili likaenda masijala. Baada ya mageuzi, fomu hupakuliwa kutoka kwenye mfumo, huchapishwa, hujazwa kwa mkono, husainiwa, hugongwa muhuri, huskaniwa, hutumwa kwa barua pepe, huchapishwa tena huko ilikofika, na huwekwa kwenye faili. Kazi ya hatua 3 imekuwa ya hatua 9, bila kuhesabu simu ya mwombaji kuuliza kama imefika. Ripoti ya mwaka huandika kwamba ofisi imehamia kwenye mfumo, na kwa kweli imehamia, ikiwa na mizigo yake yote.

Upande wa pili wa barabara, mkabala na ukumbi wa semina, kwa kawaida huwa na mama ntilie. Kwenye nguzo ya kibanda chake kuna kipande cha karatasi kilichofungwa nailoni, chenye lipa namba. Saa 3 asubuhi hutuma orodha ya siku kwenye kundi la WhatsApp la wateja wa ofisi za jirani: wali maharage, wali samaki, ugali dagaa na, ikiwa Ijumaa, pilau. Saa 4 na nusu maagizo yameshaingia, mengine kwa sauti, mengine kwa maandishi kwa kuwa mteja yuko kwenye semina na hawezi kusema. Mchele hupimwa kwa idadi ya maagizo, ukiongezwa wa sahani chache za wapita njia. Zamani alipika kwanza, kisha akawangoja wateja. Sasa huwangoja wateja kwanza, ndipo akapika. Sufuria halirudi nyumbani na kiporo.

Hiyo ni hatua ya tatu, nayo imekamilika. Hakuna kifaa kipya kilichonunuliwa, kwani simu ilikuwapo tangu mwanzo. Kilichobadilika ni nini kinatangulia na nini kinafuata. Toyota ya Japani ilijipatia sifa duniani kote kwa kanuni ya kutengeneza kinachohitajika, kwa kiasi kinachohitajika, wakati kinapohitajika, na kanuni hiyo hufundishwa kwenye semina kwa slaidi nyingi. Kwa mama ntilie inaitwa kutotupa chakula.

Ushahidi wa namna hiyo upo pia kwa kiwango kikubwa, na hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 2005, Vodafone na Safaricom walianza majaribio ya huduma ya fedha kwa simu nchini Kenya, kwa mchango wa fedha za misaada kutoka Uingereza. Lengo lililoandikwa lilikuwa moja: wakopaji wadogo warejeshe mikopo yao kwa simu. Washiriki wa majaribio hawakuwa wamelisoma andiko la mradi. Wakaanza kutumiana fedha, kulipana, na hata kuweka pesa kwenye simu kabla ya safari ili wazitoe wafikapo, wasizibebe mfukoni njiani. Mradi ungeweza kuwaona hao kuwa washiriki wasiofuata maelekezo, na wakapangiwa semina. Badala yake wasanifu waliwafuata. Huduma iliyozinduliwa Machi 2007 kwa jina la M-Pesa iliahidi jambo moja tu, kutuma pesa nyumbani, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania.

Huduma hiyo haikudai simu janja wala intaneti. Ilidai laini ya simu, menyu fupi, na mtu wa kukaa kibandani: wakala. Umuhimu wa wakala husahaulika kwa sababu haonekani kuwa wa kidijitali. Lakini ni yeye anayejua kwamba mwisho wa mwezi watu hutoa, hivyo humwishia fedha taslimu. Na kwamba shule zinapokaribia kufunguliwa watu huweka ili walipe ada, hivyo humwishia floti, yaani salio lake la kwenye simu. Hujipanga siku kadhaa kabla, hukopeshana na wakala wa jirani, na hufunga hesabu usiku kwenye daftari la mistari. Semina ina mada nzima juu ya kutabiri mahitaji ya soko kwa data. Wakala hajawahi kualikwa kuitoa.

Kwa upande mwingine, ujuzi peke yake haujawahi kuokoa kampuni. Mwaka 1975, Steven Sasson, mhandisi kijana wa Kodak huko Rochester, Marekani, alitengeneza kamera ya kidijitali. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 4, na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye mkanda wa kaseti. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Kodak haikukosa kuisikia dawa. Iliichemsha yenyewe, kisha ikaiweka kabatini, kwa kuwa faida ilikuwa kwenye filamu. Januari 2012 ikaomba mahakamani kinga ya kufilisika. Mameneja wake hawakukosa mafunzo. Walikosa sababu ya kuhatarisha kilichokuwa kikiwalipa mishahara, na hilo halimo kwenye mtaala wa siku tatu.

Mtaala una mapengo mengine pia. Somo la malipo ya kidijitali huorodhesha faida zake na kuruka gharama. Julai 2021, Tanzania ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Septemba ya mwaka huohuo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30. Mjasiriamali aliyefundishwa kwamba kulipwa kwa simu ni maendeleo, bila kufundishwa kuhesabu makato ndani ya bei yake, alijifunza hesabu hiyo kwa hasara.

Somo la wingu nalo huonyesha picha ya wingu jeupe. Mnamo tarehe 12 Mei 2024, hitilafu kwenye nyaya za mawasiliano za EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti katika nchi kadhaa za ukanda huu, Tanzania ikiwamo. Siku hiyo ilijulikana kwamba njia ya kwenda winguni hupita chini ya bahari, na kwamba biashara isiyo na daftari la akiba husimama pamoja na waya.

Pengo la mwisho liko mezani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Slaidi inayoitaja huonyeshwa wakati karatasi yenye majina, vyeo na namba za simu za washiriki wote ikizunguka ukumbini, kabla ya kupigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp kwa kumbukumbu.

Marekebisho yanayopendekezwa kwa taasisi husika ni machache na hayahitaji bajeti mpya. Kila meneja aje na utaratibu mmoja wa ofisi yake ambao ameufuata kwa miguu, meza hadi meza, akihesabu sahihi na mihuri, na aondoke akiwa amechagua upi wa kufuta. Nusu siku itumike kibandani kwa wakala, mshiriki akiwa mwanafunzi na wakala akiwa mkufunzi, posho ya mkufunzi ikilipwa kamili. Chakula cha mchana kiagizwe kwa mama ntilie kabla ya saa 4 na nusu, ili somo la uzalishaji lije na vielelezo. Kijana wa IT apewe kiti. Cheti kisitolewe siku ya tatu, bali mwezi wa tatu, kwa atakayeonyesha kilichoondolewa, si kilichonunuliwa.

Barua hii imeandikwa kwenye simu, ikasomwa na kusahihishwa kwenye simu. Ili ipokelewe, itachapishwa, itasainiwa kwa kalamu ya bluu na kupelekwa masijala, kisha itaskaniwa huko.