Wasomaji wa Jioni wa Kitshanga: Uainishaji wa Awali

Mwaka 1876 Melvil Dewey alivipanga vitabu kwa kufuata yaliyomo ndani yake, na maktaba nyingi za dunia zikamfuata. Dewey alidhani kwamba msomaji ameketi. Huku Kitshanga, Masisi, mashariki mwa Kongo, mama mwenye watoto watano, shamba la viazi na mbuzi wasiojua mipaka haketi. Kwa hiyo sisi hatuulizi kitabu kinahusu nini. Tunauliza kinasomewa wapi, na nini kinaungua pembeni.

Jamii ya kwanza, iliyochunguzwa kuliko zote, ni Msomaji wa Maharagi. Fizikia iko upande wake. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Kitshanga iko juu zaidi, hivyo maji ya hapa huchemka kabla ya kufika nyuzi 95, na maharagi hayana haraka. Mpishi wa Mombasa akibandika sufuria ameanza kazi. Wa hapa amejipatia sura tatu. Maharagi makavu ya msimu uliopita yanatosha riwaya, mabichi ya juzi hayamalizi hata hadithi fupi. Mkao wake unatambulika kwa mbali: kitabu mkono wa kushoto, kidole gumba juu ya ukurasa, mkono wa kulia unasukuma kuni bila macho kushuka. (Wa makala, yaani makaa, ni nususpishi nyingine: jiko lake halidai kusukumwa, ila bei ya gunia humkatisha raha kila aya.) Adui wake mkuu ni maji kukauka, jambo ambalo hutokea daima mhusika anapofungua barua. Mtoto hupaza sauti uani, "Mama, maharagi inaungua!" Naye hujibu "Nimesikia" kwa sauti ya mtu ambaye hajasikia.

Msomaji wa Bidoni hupatikana kwenye foleni ya maji. Husogeza bidoni kwa mguu; akinogewa, hupitwa. Basi.

Msomaji wa Ibada ana utata, kwa kuwa nyumbani kwake kuna Biblia tu. Je, hiyo ni raha au wajibu? Kigezo chetu ni hiki: anayefuata somo lililotangazwa hahesabiwi, lakini aliyemwacha mhubiri kwenye Warumi akatoroka hadi Waamuzi kumtazama Samsoni na Delila, huyo ni wetu kabisa.

Karibu na ikweta jua huzama mnamo saa kumi na mbili mwaka mzima, na hapo anatokea Msomaji wa Torshi, ambaye kwa kawaida ni baba. Kijana wake amekamatwa na kitabu cha Zamenga Batukezanga ndani ya kitabu cha hesabu. Baba anakitaifisha kwa hasira, kisha anakisoma kwa taa ya simu mpaka chaji inakata. Adhabu hurefushwa kulingana na idadi ya kurasa zilizobaki.

Maktaba ya nyumbani hapa hupimwa kwa kilo. Mapigano ya mwaka 2013 yaliunguza sehemu kubwa ya mji, na Januari 2023, waasi wa M23 walipouteka, watu walikimbia tena na mizigo kichwani: sufuria, unga, blanketi, vyeti vya watoto. Kitabu huponea hapo kikiwa chembamba kiasi cha kulala kati ya vyeti. Anayesema wasomaji wa Masisi hawapendi riwaya nene hajawahi kufunga mzigo kwa dakika kumi.

Imebaki jamii inayovuruga jedwali letu, Msomaji wa Sauti. Huyu ni mama wa maharagi aliyechoka kukatizwa, akaamua kuwasomea wanaomkatiza: macho yanapita kwenye Kifaransa, mdomo unatoa Kiswahili. Ghafla watoto wanagombania kuni, na binti wa miaka tisa anaongeza maji kabla hajaambiwa, mradi mama asinyamaze. Binti huyo hasomi, lakini bila yeye hakuna ukurasa unaogeuka. Tumemweka kwa muda chini ya Msomaji wa Maharagi, kifungu kidogo, hadi Kifaransa chake kikomae; ameshaanza kuchungulia juu ya bega la mama, kwa kuwa anahisi kuna sehemu za mapenzi zinazorukwa.