Sifa za Tairi Lililolika Upande wa Ndani

Tairi lililolika upande wa ndani hupatikana kwa wingi chini ya magari yaliyoshushwa. Ukingo wake wa nje una kashata zote, maandishi ya ubavuni yanasomeka, na likipakwa dawa ya kung'arisha hupendeza kama kiatu cha bwana harusi. Upande wa ndani ni kipara, na likikomaa huchomoza waya. Vitabu vya ufundi vimezoea kulitaja katika sura ya kasoro. Mahali palipolistahili ni sura ya adabu njema.

Asili yake ni urembo. Mwenye Mark X au Altezza hutazama uwazi uliopo kati ya tairi na madigadi, huona vidole vinne vinapita, na moyo hauridhiki mpaka kidole kimoja kikwame. Njia ya gharama ni kununua seti ya springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hilo. Njia ya mkato, na neno hilo hapa lina maana yake kamili, ni kuzikata za zamani kwa grainda. Springi iliyopunguzwa mizunguko huwa ngumu zaidi, hivyo gari hupata mambo mawili kwa bei ya moja: kimo cha mjusi na ulaini wa mkokoteni.

Gari likishuka, mikono inayoshika magurudumu hubadili pembe. Magari hayo mawili yana mikono ya juu na ya chini, na wa juu kwa kawaida ndio mfupi, kwa hiyo huvuta kichwa cha gurudumu ndani. Gurudumu huinama na uzito huuangukia ukingo wa ndani. Mwinamo peke yake hula tairi polepole. Mlaji hasa ni uelekeo. Tairodi nazo zimebadili pembe, na magurudumu yaliyokuwa yakitazama mbele kwa pamoja sasa kila moja lina njia yake, kama mke na mume waliogombana na kulazimika kukaa siti moja. Gurudumu lililopotoka digrii 1 tu hukwanguliwa kiubavu takriban mita 17 katika kila kilomita. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, mwendo wa kilomita 190 hivi, tairi hilo huwa limeburutwa pembeni kilomita 3 na zaidi, na dereva ameshika njia yake vilevile.

Sifa zake ndogo zinatajwa kwa kupita. Humpa riziki muuza matairi ya mtumba. Humfundisha jiometri mtu aliyeikimbia shuleni. Siku ya mvua, kwa kuwa halina tena mifereji ya kutoa maji upande mmoja, humkumbusha dereva kuswali.

Sifa yake kuu ni sitara. Tairi lililolika nje hutangaza aibu yake barabarani, na hata mtoto wa shule huliona. La ndani huugeuzia ukuta uso wake wenye makovu. Mbele ya watu huvaa kashata nzima. Kilichokwisha hukificha kwenye giza la shokapu, pamoja na matope. Hata linapolalamika, hulalamika kwa adabu. Hunguruma kwa sauti inayofanana na ya beringi iliyokufa, basi beringi hununuliwa, hufungwa, na ngurumo huendelea. Hufuata beringi ya upande wa pili. Tairi hunyamaza juu ya jambo hilo na kuendelea kunguruma. Likifika mwisho wa uhai wake, halimsumbui mtu mjini kwenye foleni. Hungoja barabara iliyonyooka, mwendo mkali na ikiwezekana usiku, ndipo lipasuke.

Adabu kama hiyo haijitokezi yenyewe, ina walezi. Mlezi wa kwanza ni fundi aliyekata springi, akapokea pesa, akapiga honi kuonyesha kwamba gari limeiva, na asitamke neno alaimenti. Wa pili ni mwenye mashine ya alaimenti. Mashine hutoa karatasi yenye tarakimu za kijani na nyekundu. Tairodi hurekebishwa mpaka uelekeo uwe kijani. Mwinamo hubaki nyekundu, kwa sababu magari mengi hayakutoka kiwandani na mahali pa kuurekebisha mbele, na huhitaji bolti maalumu au mikono inayorekebishika. Hayo yangeweza kusemwa. Sentensi moja ingetosha! Karatasi imechapishwa, wekundu unaonekana, mteja amelipa, na anakabidhiwa karatasi ile imekunjwa vizuri kama cheti cha ndoa.

Mlezi wa tatu ni mkaguzi. Huzunguka gari, huwasha taa, huuliza kizima moto na pembetatu, huligonga tairi kwa ncha ya kiatu upande wa nje, kisha hubandika stika. Kuuona upande wa ndani kunahitaji kuchuchumaa, na kuchuchumaa huchafua suruali. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini aliyetunga methali hiyo angalau aliufungua mkakasi. Tairi, kwa hakika, limejifunza desturi ya mahali lilipo: panapokaguliwa nje tu, busara ni kuisha kwa ndani.

Dawa yake haina siri. Gari likishushwa, liendeshwe siku chache springi zikae, kisha lipelekwe kwenye alaimenti, mwinamo na uelekeo vyote viwili, na karatasi isomwe kabla ya pesa kutoka mfukoni. Baada ya hapo, mara moja kwa mwezi, usukani ukatwe hadi mwisho, mtu achuchumae na kupitisha kiganja taratibu juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha kurudi. Kashata zikiwa laini kiganja kikienda na kukwaruza kama meno ya msumeno kikirudi, au kinyume chake, uelekeo umepotoka. Ukingo wa ndani ukiwa kipara kitupu bila meno hayo, mwinamo umezidi. Kazi hiyo haifiki dakika 1 kwa gurudumu. Kiganja kikikutana na waya, sifa zimekwisha: tairi libadilishwe hapo hapo, kabla gari halijaondoka.