Usifungue Buti, Kuku Amelalia

Mwenye gari la zamani hatazami barabara kwa macho yote mawili. Jicho moja liko kwenye geji ya joto, la pili linachungulia maboma ya watu: nyuma ya jiko, chini ya mparachichi, kando ya zizi, popote ambapo gari la ukoo wake huenda limelazwa. Mimi nina Peugeot 504, ile ndefu ya safu tatu za viti, na siwezi kuhudhuria matanga bila kuzunguka nyuma ya nyumba ati nanyoosha miguu.

Wako wenzetu wanaopeleka magari yao kwenye Concours d'Elegance, pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Mashindano hayo yalianza mwaka 1970, na huko jaji huinama kutafuta vumbi. Langu halijafikia vumbi; bado tuko kwenye taa. Ya nyuma kushoto ilivunjika, na Mtaa wa Kirinyaga jijini Nairobi, ambao wauza spea hadi leo wanauita Grogan, niliuziwa maneno matupu na taa ya pikapu ambayo "itaingia tu, mzee, sukuma." Haikuingia.

Basi fundi wangu akaja na habari: Ruiru kuna 504 kama hii hii, imekaa juu ya mawe. Alininong'oneza, ingawa gereji nzima tulikuwa wawili.

Ruiru ndiko ilikozaliwa kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa na watafiti wa hapo mwaka 1985. Siku hizi kinachochipuka ni ghorofa. Boma tuliloelekezwa lilikuwa na flati kulia, flati kushoto, na nyuma tingatinga likisubiri zamu yake. Mwenye boma, ambaye kila mtu humwita Guka, alikwisha kuuza shamba lote ploti moja moja, akabakiza nyumba, migomba michache na gari. Gari hauzi.

Alitutolea vigoda, akavipanga kuielekea 504 kama viti vya mbele vya harusi.

"Hili lilishinda Safari Rally," akasema.

Fundi aliyatazama yale mawe, akanyamaza kwa adabu. Ni kweli kwamba mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari kwa 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 ya milango miwili. Ila kwa simulizi la Guka ungedhani dereva alikatiza hapo kunywa uji, akaliacha.

"Halijafa, wanangu. Linangoja kabureta."

"Tangu lini, Guka?"

"Tangu wakati wa Moi."

Moi alitawala miaka ishirini na minne, kwa hiyo sikudadisi. Niliomba ruhusa ya kuangalia taa. Akasema angalia, lakini buti usifungue, kuku amelalia.

Tatizo ni kwamba taa, kwa maelezo ya fundi, nati zake zinafunguliwa kwa ndani. Kuku hulalia siku 21. Fundi ambaye gari humpigia kelele kila siku hawezi kutishwa na kuku, au ndivyo alivyodhani. Alipenyeza mkono na spana kupitia dirishani. Sikuona kilichotokea mle ndani. Nilisikia spana ikianguka, kisha fundi akiliita jina la mama yake, halafu kuku akatoka juu ya bega lake akitangazia Ruiru nzima. Mke wa Guka alitoka jikoni na mwiko, hakutusalimia, akaenda moja kwa moja kuhesabu mayai.

"Yai likiharibika," akasema, "mtalipa kifaranga, si yai."

Wakati tunajitetea na utetezi wetu haukubaliwi, Guka alikuwa ameondoka kigodani. Nilimkuta kwenye gari langu, boneti iko juu, miwani puani, anaguna kwa furaha.

"Kumbe ndiyo hii kabureta!" Akanishika bega. "Kijana, hili unaliuza kwa kilo au kwa jumla?"

Nikamwambia hili linatembea, nimekuja nalo. Akalitazama tena, kwa huruma.

Hapo ndipo yule wa mkokoteni alipopita akiimba vyuma kuukuu, betri mbovu. Guka hampendi. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu Januari 2022, anasema alilala vizuri hadi Mei ilipoifungua tena. Kijana alisimama langoni, akaangalia 504 ya mawe, akaangalia yangu, akauliza, "Mzee, ni zote mbili?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo mimi na Guka tulijibu kwa sauti moja.

Msimamo ni kwamba taa nitapewa nikileta kabureta, na kabureta niliyo nayo ndiyo inayonirudisha nyumbani. Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na taa ya nyuma ya kushoto ya 504 ndefu, si ya pikapu, tafadhali usimpe mtu wa mkokoteni. Na ukiwa na kabureta, nipigie mimi kabla hujampigia Guka.